Nilivyojipangusa Jasho kwa Soksi ya Mtoto Kanisani

Wacheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (maana hapa Shari, mtaani kwetu Bunia, habari hii imeshatembea kunishinda mimi na baiskeli yangu): mimi ndiye yule baba aliyesimama mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, akifundisha watu wasiwavalishe watoto nguo nzito wakati wa joto, huku mtoto wake mwenyewe yuko benchi la mbele amefungwa sufu kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Ndiye mimi. Chekeni kwanza, mmalize, ndipo niendelee.

Jina langu Kambale, na kazi yangu ya kujitolea ni ile tunayoiita relé, yaani mtu wa mtaa ambaye kituo cha afya kinamtuma apite nyumba kwa nyumba na megafone kukumbusha watu habari za chanjo, vyandarua na vyoo. Kiangazi cha mwaka huu kilitupiga vibaya, vumbi mpaka ndani ya sufuria, mabati yanalia ta-ta-ta yenyewe ikifika saa sita, na muuguzi wa kituo akatupa ujumbe mfupi wa kupeleka kwa wazazi: mtoto mchanga avae nguo moja nyepesi, akae kivulini penye hewa, anyonye mara nyingi, asipewe maji kama hajatimiza miezi sita, na mama awe anamgusa shingo, akikuta kuna moto na jasho amvue. Dakika moja, umemaliza. Lakini mimi nikipewa megafone siwezi dakika moja, ni ugonjwa, na ule ujumbe niliufanya kuwa mahubiri ya nusu saa, nikawa napita nao asubuhi na jioni mpaka mbwa wa mtaa wakanizoea.

Tena nilikuwa na mdomo mbaya. Siku ya kupima watoto uzito alikuja Mama Ngabu, mkulima aliyekimbia vita na familia yake kutoka kijiji cha Bule na sasa wamepanga huku kwetu, mtoto wake mgongoni amefunikwa blanketi jua likiwa kali vile. Mama wa watu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, lakini nilichukua megafone (naona haya hata kuandika) nikamuuliza, "Mama, ule mutoto unamulea ao unamupika?" Wamama wote wakacheka. Yeye alifungua kinywa aeleze jambo, mimi nikageukia mwingine, maana nilishapata kicheko changu.

Sasa njoo nyumbani kwangu. Mke wangu Kavira alijifungua binti, Neema, na alipofika miezi minne tukapanga kumpeleka kanisani awekewe mikono na kubarikiwa, na kwa ajili hiyo mama mkwe akapanda gari kutoka Butembo. Butembo mnaijua, huko milimani asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni, na mtoto anayezaliwa bila sufu watu wanamhurumia. Mama mkwe alikuwa amefuma kwa mikono yake, miezi mitatu mizima, sweta, suruali, soksi, na kofia yenye mpira wa nyuzi juu, vyote rangi ya njano. Juu ya hapo akaleta na blanketi lenye manyoya.

Na kwetu sisi (wasiojua waelewe hapa) mwanamume hampingi mama mkwe wake. Humkazii macho, hukai naye benchi moja, na anachosema unakipokea. Miaka mitatu ya ndoa, maneno yote niliyowahi kumwambia yule mama yalikuwa matatu: ndiyo mama, asante mama, safari njema mama. Basi Jumapili asubuhi nilipoona Neema anavalishwa zile sufu, nilikimbilia jikoni kwa mke wangu.

"Kavira, umuambie mama ile nguo iko moto sana."

"Weye njo relé," akanijibu (njo yetu ni ile ndiye yenu). "Megafone iko pale kwa kiti. Ende umuambie."

"Ni mama yako!"

"Na ni mukwe yako. Miezi tatu alikuwa anafuma, miye siwezi kumuvunja roho leo."

Tukatazamana pale, watu wazima wawili, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Ndipo mimi, mwenye akili za kituo cha afya, nikatoa uamuzi: avae mpaka picha ipigwe, kisha tunamvua. Dakika tano. Picha ikapigwa mbele ya mlango, mama mkwe akaiangalia kwenye simu, akatabasamu mpaka macho yakapotea, akasema, "Siku ya Mungu, mutoto avae vile mutu wa maana." Nami nikajibu, "Ndiyo mama." Hiyo ndiyo iliyoniua.

Kanisani kwaya zilikuwa nne, na kila kwaya iliomba nyimbo mbili ikaimba tatu. Wazazi wa watoto wa kubarikiwa tuliwekwa mbele, Neema akiwa kwenye mapaja ya bibi yake, na mimi benchi la pili, nyuma yao, kwa ajili ya ile heshima niliyowaambia. Saa tano ikapita, saa sita ikaingia, mabati yakaanza kulia. Neema akaanza naye. Mama mkwe akampigapiga mgongo, akamwambia Kavira, "Iko anasikia baridi, upepo inaingia kwa ile dirisha," akamwongezea blanketi. Kavira akageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Nilijaribu kumpepea na kitabu cha nyimbo kutoka nyuma, mama mkwe akamhamisha goti la pili kumkinga na upepo wangu. Wakati wa sala, watu wote wamefumba macho, nikapata wazo la mwizi: nikanyoosha mkono chini ya blanketi, nikavuta soksi moja, nikaitia mfukoni mwa koti. Nikaona nimemsaidia mtoto sana! Lakini "amina" haijapoa midomoni mama mkwe akagundua mguu uko wazi, akaanza, "Shoseti iko wapi? Shoseti ya mutoto ilianguka!" Benchi zima wakainama kutafuta, mzee mmoja wa kanisa akapiga magoti na suti yake nyeupe, na mimi (Mungu anisamehe) nikainama nao, nikawa napapasa sakafu kwa bidii, soksi iko mfukoni kwangu.

Bado tunapapasa, katibu wa kanisa akashika kipaza sauti. "Sasa tunamuita baba Kambale, relé yetu, atupe tangazo ya kituo cha afya juu ya batoto na jua." Nafasi hiyo nilikuwa nimeiomba mwenyewe, majuma mawili nyuma, tena niliibembeleza. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ningeweza kusema naumwa koo. Lakini kile chuma kikifika mkononi mwangu basi, nikajikuta nimeshaanza, "Wazazi wapendwa! Kiangazi iko mukali!" Nikaendelea, nguo moja nyepesi, kivuli, kunyonyesha, sauti inapanda, na kadiri nilivyosema nilikuwa naiona ile kofia ya njano pale mbele, mpira wake juu, inanitazama. Jasho likanishuka mpaka kwenye macho. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, nikajipangusa paji la uso, nikajipangusa mashavu, nikajipangusa na shingo vizuri, na nilipoona kwaya ya vijana wanajiuma midomo nikaangalia nilichoshika.

"Njo ile shoseti!" Mama mkwe hakusema kwa sauti ndogo.

Kanisa lilicheka, ndugu zangu. Hata mchungaji aligeuka ukutani. Nilisimama pale na soksi ya njano iliyolowa jasho la baba mtu, nikiwa na hakika kwamba aibu imefika mwisho wake, hakuna tena mahali pa kwenda. Kisha katikati ya vicheko akasimama Mama Ngabu, aliyekuwa ameketi nyuma ya mama mkwe. Yeye hakuwa anacheka.

"Baba Kambale," alisema, "weye njo ulitufundisha kugusa shingo. Miye nimegusa shingo ya mutoto wenu. Iko moto kabisa. Na ameacha kulia."

Ndipo nikasikia kwamba kweli, Neema alikuwa amenyamaza. Tangu lini sikujua, maana nilikuwa nikisikiliza sauti yangu mwenyewe. Na mimi ndiye niliyepita mtaa mzima nikisema kwamba mtoto anayelia kwa joto bado ana nguvu, aliyelegea akanyamaza ndiye wa kukimbia naye.

Kipaza sauti kilianguka, kikapiga mlio uliowauma watu masikio. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba nilimnyakua mtoto mikononi mwa mama mkwe bila kusema samahani, nikatoka mbio mlango wa pembeni mpaka kwenye kivuli cha ukuta, Kavira nyuma yangu, na muuguzi wa kituo (huwa anaimba sauti ya pili) amekunja vazi lake la kwaya anakimbia. Tukavua kofia, sweta, suruali, na ile soksi moja iliyobaki. Mwili wake ulikuwa mwekundu, umelegea, macho hayanitafuti. Muuguzi akalowesha kitambaa kwa maji ya kawaida akawa anampitishia kichwani na makwapani, akamwambia Kavira amnyonyeshe. Neema hakushika ziwa. Kavira akajaribu tena, hakushika. Mimi nilikuwa napepea kwa kitabu cha nyimbo, nalia waziwazi, sioni haya kuwaambia hilo, na moyoni nilikuwa nasema nilimwona tangu asubuhi, nilimwona tangu asubuhi.

Mara ya tatu akashika. Akavuta kidogo, akapumzika, akavuta kwa nguvu. Baada ya muda muuguzi akanipa nimbebe aone kama macho yanafuata, yakafuata, kisha Neema akanikojolea suruali yote ya Jumapili, na muuguzi akasema, "Mukojo! Aksanti Yesu, maji iko mwilini." Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia kulowa vile. Hata hivyo akatuamuru tupande moto, yaani pikipiki, moja kwa moja mpaka kituoni, apimwe na aangaliwe mpaka jioni, na tulikwenda.

Lakini kabla hatujaondoka mama mkwe alikuwa amefika. Alisimama mbele yangu, ile kofia ya njano ameikunja mkononi, na kwa mara ya kwanza tuliangaliana macho kwa macho.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Ndiyo mama."

"Tangu asubuhi?"

"Ndiyo mama."

"Joto ya Bunia miye nitaijulia wapi? Siye kwetu ni baridi." Akaniinulia ile kofia. "Uliogopa miye kuliko kuogopa mutoto kufa?"



Mama Ngabu alikuwa pembeni akiokota nguo zilizotawanyika. Nikamwambia asante, nikamwomba na msamaha kwa maneno ya siku ile ya kupima watoto. Akakung'uta vumbi kwenye sweta, taratibu. "Siku ile," akasema, "ni shangazi ya bwana yangu njo alimufunika. Anakaa kwetu. Nilitaka kukuambia, ukageuka."

Tangu hapo, nikibisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, sianzi na nguo nyepesi wala kivuli. Naanza kwa kuuliza ni nani hapa ndani anayeogopwa, na nikionyeshwa, huyo ndiye ninayekaa naye kitini kwanza, polepole, bila megafone.

Jioni ile, tuliporudi nyumbani kutoka kituoni, Neema amelala na nepi tu, mama mkwe aliinua lile blanketi la manyoya kutoka kitandani. Akaniuliza mimi, hakumuuliza binti yake, "Na hii?"

Nikamjibu, "Hapana, mama."

Akalikunja, akaliweka ndani ya sanduku lake, akalifunga. Kisha akanigeukia. "Njo hilo neno tu lilikuwa linakushinda?"