Mkwaruzo Juu ya Bomba

Mke wangu hulinda bomba la petroli. Kazi yenyewe ni kutembea: anafuata njia ya bomba akitazama majani yaliyokauka bila sababu na watu wanaochimba. Karibu na bomba hairuhusiwi kuchimba hata shimo la nguzo. Mpaka unaonyeshwa na vigingi vya njano.

Tatizo ni sisi majirani. Kila anayelima husogeza kigingi kidogo apate tuta moja zaidi. Siwalaumu; ardhi haiongezeki. Ila kwa mtindo huo vigingi vikawa vinalinda viazi, si bomba. Mke wangu aliripoti, akaambiwa wapimaji watakuja.

Alasiri moja mdogo wake alikuwa akichimba choo nyuma ya nyumba yetu, nje kabisa ya vigingi. Sururu ikalia kama imegonga sufuria. Mke wangu akaacha nguo kwenye beseni.

"Toka polepole. Sururu iache hapo hapo."

"Dada, ni jiwe."

"Jiwe halilii hivyo. Toka."

Akanituma kuzima jiko la jirani. Mimi hubishana hata na askari, lakini siku hiyo nilikwenda mbio.

"Kuna nini, baba?" jirani akauliza.

"Zima kwanza, tutaongea."

Tulinusa. Hakuna harufu. Ngozi nyeusi ya bomba ilikuwa imechubuka tu, chuma kikang'aa, urefu wa kidole. Shemeji akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Tufukie. Nani atajua?"

Nikamuunga mkono. "Mama watoto, hakijavuja kitu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kutu itaanzia hapo, itakula taratibu. Kisima kiko bondeni. Siku tutakayosikia harufu, watoto watakuwa wameshakunywa."

"Watamkamata mdogo wako."

"Najua."

Akaenda mbali ndipo akawasha simu kuwaita wakubwa wake wa kazi, maana pale haiwashwi.

Walifunga bomba, wakapima mpaka upya. Jiko letu, tulimowasha moto miaka yote, lilikuwa ndani ya mpaka. Litabomolewa. Shemeji aliambiwa apande gari lao.

"Nichukue shati jingine, dada?"

Mke wangu akampa langu. Gari lilipoondoka akanyanyua ndoo akashuka kisimani, akateka maji, akayanusa mara ya kwanza, hakuna harufu, akayanusa tena, na watoto waliokuwa wakisubiri na vikombe hakuwapa.