Maji Aliyochemsha Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa maabara. Miaka kumi na tisa ameosha chupa, amepima dawa na kupika jeli, mpaka vidole vimemkauka kama karatasi. Likizo hii alinionyesha jeli mbili zinazoongea. Nilicheka. Kisha akagusanisha kipande cha buluu na kisicho na rangi, na kweli, ile buluu ikatambaa polepole ikahamia kwa jirani.

"Huyu anampa mwenzake elektroni," akasema. "Ukiona rangi, ujue ujumbe umefika."

Lakini kabla ya hapo, kwa miezi mingi ujumbe haukufika. Hewa iliyojificha ndani ya maji ilikuwa ikiziiba elektroni njiani, buluu inakufa. Shangazi ndiye aliyewaza kuchemsha maji, kuyajaza chupani hadi mdomoni yangali moto na kuyafunika papo hapo, ndipo ayatumie kupikia jeli. Mtafiti anayefanya naye kazi alimcheka. Hao wawili walianza kazi siku moja, na kila mtu humwita huyo mtafiti Pacha.

"Dada, tulete na vikombe vya chai?" Pacha akamtania.

"Lete, mvivu wewe! Utaviosha mwenyewe."

Jeli ilipokubali, Pacha alimkumbatia akamzungusha chumba kizima. "Kwenye bango la kazi yetu, siku ya wageni, jina lako litakaa na langu. Haki ya Mungu!" Jioni ile nyumbani Shangazi alitusimulia mara tatu, na kila mara Bibi akajifanya hajasikia ili arudie.

Siku ya wageni pale maabara, mimi nilibeba trei ya jeli. Bango lilikuwa pana kama mlango. Nililisoma juu hadi chini, nikarudia. Jina moja tu, la Pacha.

Mgeni mmoja akauliza, "Hewa mliitoaje?"

"Ah, nilikuwa nachemsha maji ya chai, wazo likanijia," Pacha akajibu. "Huyu dada hutusaidia kuosha vyombo."

Shangazi akaendelea kupanga vipande.

Njiani nikambana. "Shangazi, mbona hukusema?"

"Nilimtazama, nikingoja aone haya hata kidogo. Akanikonyeza. Eti tuko pamoja."

Jumatatu aliomba kuhamia stoo. Pacha akamfuata hadi mlango wa stoo. "Dada, sasa jeli nani atanipikia?"

Shangazi akamwekea funguo za kabati la maabara mkononi, akaingia ndani, akafunga mlango.