Kamotoka kangu kamebebwa na bamama ya korali

Bantu ya jeep, leo munyamaze kwanza!

Munajua kamotoka kangu kadogo ka rangi ya machungwa. Fundi alinishushia kako mpaka tumbo inakaribia kugusa udongo, nikakavalisha na jante za kung'aa ku magurudumu.

Asubuhi ya arusi, Tata Ilunga, mujomba ya bibi arusi Nadège, alikacheka mbele ya familia yote:

« Hii ni kiatu, haiko motoka. Nadège atapanda jeep yangu kwenda kanisa. »

Nadège akakataa:

« Mujomba, siku ni yangu. Mi napenda kale kadogo. »

Oyooo!

Tukatoka. Mu barabara, makamio, yale malori ya kubeba shaba, yamejipanga hayana mwisho. Jeep ikakwama nyuma. Mi nikapenya katikati kama panya, klaksoni juu!

Halafu... ile tuta ya mbele ya kanisa.

Kraa!

Tumbo ya kamotoka ikakaa juu ya tuta. Mbele hapana, nyuma hapana. Inje ni matope tupu, na Nadège analalamika:

« Mi sishuki! Robe yangu ya arusi itachafuka! »

Nilitamani kulia, bandugu.

Bamama ya korali bakatoka mu kanisa, bakakaza bitenge mu kiuno. Bakanyanyua kamotoka, Nadège ndani, mi ku usukani, banaimba mpaka ku mulango!

Tata Ilunga alifika kwa miguu, viatu mukononi, matope mpaka ku magoti. Akazunguka kamotoka mara mbili. Halafu akaniinamia polepole:

« Fundi mwenye alikashusha, eko wapi? Na mi nataka. »

Sasa bantu ya jeep, mujibu hapa chini: yenu, bamama banaweza kuibeba?