Besi Aliyekataa Kushuka

Mwalimu wa kwaya aliipenda akordi moja, yaani noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja, kuliko alivyowapenda waimbaji wake, na hakuona haya kulisema hilo. Aliijenga hivi: besi anapewa noti ya la iliyoshushwa nusu sauti, soprano anapewa fa iliyopandishwa nusu sauti, na do inakaa katikati. La na fa hizo huililia noti ya so, iliyo kati yao, kama mtoto aonaye titi. Besi ashuke kidogo, soprano apande kidogo, shida imekwisha.

Shida haikwisha, kwa sababu besi alikuwa mume wake, fundi wa mageti, na soprano alikuwa mdogo wa mwalimu mwenyewe, aliyekuja kwao kukaa wiki moja akamaliza mwaka. Kila wakifika hapo soprano anapanda, besi anang'ang'ania la yake, na chumba kizima kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Baba watoto, shuka!"

"Mimi mwenye nyumba nishuke, mgeni apande?"

Mwalimu alimrushia chaki, ikampata mama mmoja wa sauti ya alto asiye na kosa. "Ngoma ikivuma sana hupasuka," alifoka, "na wewe nitakupasua mwenyewe! Wote mnakwenda kwenye so. Mkifika, mko sawa."

Hilo la kuwa sawa lilimwingia mume. Wakarudia. Besi akashuka, soprano akapanda, na so ikatua tamu, ya besi chini na ya soprano juu, hata mwalimu akafumba macho.

"Kumbe tuko sawa," mume akasema, kifua mbele.

"Sawa kabisa, shemeji," soprano akajibu. "Ila mimi niko juu."