Milioni moja na tatu

Baba alinitega kwa namba. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kampemba kwa wiki mbili tu, kumwangalia baada ya upande wake wa kulia kupooza. Dada yangu aliyekuwa akimtunza akamfuata mumewe Likasi, nikabaki mimi. Mimi niliyelala Kolwezi, Kasumbalesa, Kalemie, nisiyewahi kumaliza mwaka mahali pamoja, nilikaa miezi minne nikisikiliza malori yakipita.

"Weye miguu inakuwasha," alisema siku moja. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. "Basi, tuwekeane. Un million trois. Ikigawanyika, unaenda. Ikikatala, unabakia na miye mpaka munanizika."

Nilicheka, nikakubali. Namba kubwa hivyo, 1 000 003, niliwaza, itakosaje kitu cha kuigawanya?

Simu aliikataza. Tuligawanya kwa mkono, kwa zile namba zisizogawanyika, ambazo shuleni tuliziita premiers. Hatukuhitaji kupita elfu, kwa kuwa elfu mara elfu ni milioni. Kama kigawanyo kimoja ni kikubwa zaidi, kingine lazima kiwe kidogo. Jumla ni 168. Alitaka tuanze na 997 tukishuka, kazi nzito kwanza. 997 iliacha 12. 991 ikaacha 84. Kila asubuhi nilimwogesha, nikafungua daftari, na kila asubuhi kitu kilibaki. Nilianza kuichukia ile namba kama jirani mbaya.

Tulipofika 17 alichukua kalamu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Akapata 58 829, bila baki. Akafanya preuve par neuf, jaribio la tisa, kama alivyofundisha mtaa mzima: unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, unazidisha ya jibu na ya kigawanyo, kisha unalinganisha na ya ile namba kubwa. Nne huku, nne huku.

"Iko juste! Enda kufunga sac, voyageur!"

Nilimpigia dereva wa lori la Kolwezi; alikuwa anaondoka saa sita mchana. Begi lilijaa upesi. Kisha, sijui kwa nini, nilirudi kuangalia daftari. Penye 40 kutoa 34 Baba hakuandika 6. Alirudia 15 ya mstari wa juu. Alikosea kwa tisa kamili, na kosa la tisa ndilo hasa ambalo preuve par neuf haiwezi kuliona, na aliyenifundisha hilo ni yeye.

Alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amejivalisha shati safi ili kuniaga, vifungo vimepishana.

"Papa, hapa ni sita."

Alifuata mstari kwa kidole cha kushoto.

"Ungenyamaza tu."

"Na Papa angeandika sita."

"Mukono wa gauche haukusoma," alisema, akanirudishia kalamu. "Andika."

17 iliacha 12. 13, 11 na 7 zote ziliacha nne. 5 ikaacha tatu, 3 na 2 moja moja. Hakuna kilichoigawanya.

Simu ilipolia, Baba aliinamia daftari kana kwamba bado kuna hesabu. Nilimwambia dereva asinisubiri.