Siku Niliyopunguza Mwanga wa Televisheni

Wapo walioaibika kwa kuanguka matopeni mbele ya wakwe. Mimi aibu yangu niliipata nimekaa vizuri kwenye kiti, shati limenyooshwa, kipaza sauti mkononi, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, nami nilikuwa msimulizi kwenye kibanda cha video cha Bwana Idi pale Biryogo, kazi yangu kukaa kando ya televisheni na kuwaambia watu kwa Kiswahili wanachosema Wazungu (Kifaransa changu ni cha shule ya msingi, lakini mdomo ni wa chuo kikuu). Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mpelelezi anayemsaka mtu aliyemkaba tajiri hotelini. Kaseti yake ilikuwa imechoka vibaya, mikwaruzo kama mvua ya masika, mwisho wake ulishatafunwa na deki, na pale penye mauaji, pale watu wanaposhika pumzi, palikuwa giza tupu, unaona kitu cheupe tu kimeinama juu ya maiti. Mimi nikaona cheupe kile ni aproni, na mwenye aproni ni mpishi wa hoteli, basi kila Jumapili nikawa napaza sauti, "Ndiye huyo! Mpishi ndiye mkabaji!" na watu wanapiga makofi, na spika ya nje inapeleka maneno mtaa mzima. Nani angebisha?

Shida ni kwamba jirani na kibanda alikuwepo mpishi wa kweli, Baba Hadija, mzee mpole aliyewahi kupika kwa Mzungu mmoja mtaa wa Kimihurura na sasa anauza maharage na chapati, akiwa na aproni nyeupe ambayo nusura aende nayo msikitini. Watoto wakaanza kumwita Mkabaji. Mwanzoni alicheka. Halafu wateja wakawa wanapokea sahani na kuuliza, "Mzee, hujatia kitu humu?" na kwa kuwa siku zile watu walikuwa wepesi kuogopana, wengine wakaacha kuja, hata utani hawakuuleta tena. Akaniita.

"Mwanangu, mimi mambo ya filamu sijui. Lakini jina lile niondolee. Wewe ndiye uliyelileta."

"Baba, filamu ndiyo inasema hivyo, siyo mimi," nikamjibu, na wallahi niliamini.

Ndipo shemeji yake Bwana Idi akaja kutoka Ubelgiji na kaseti mpya ya filamu ileile, imesafishwa hukohuko Ulaya, mikwaruzo yote imefutwa. Bwana Idi akaniwekea mkononi kama anayenikabidhi mtoto. "Wewe ndiye mwenye jicho. Iangalie yote, uniambie kama tuitupe ya zamani." Mimi niliyekuwa naota kuandika habari za filamu magazetini! Alhamisi asubuhi nikafunga mapazia, nikakaa peke yangu.

Jamani, ile kaseti ilikuwa nzuri. Mpelelezi kumbe ana kovu kwenye kidevu! Matone yanaonekana kwenye ukingo wa kofia, moshi wa sigara unapanda polepole, na sauti ya viatu kwenye ngazi ilikuwa safi hata nikageuka nikidhani ni Bwana Idi, patroni wangu, anaingia. Giza lake ni giza la kweli, siyo lile la majivu tulilozoea. Tukafika penye mauaji. Aproni ni aproni, mpishi ni mpishi, lakini mikono yake haimkabi mtu: anaivua aproni, anamfunika nayo maiti, na machozi yanamtiririka. Na mwisho ule tuliokuwa hatuna unaonyesha wazi kwamba muuaji ni ndugu wa marehemu.

Ningetoka palepale nikaseme. Kilichonishika ni makofi ya Jumapili (kijana akishapigiwa makofi, kuyarudisha ni kazi). Nikamwambia Bwana Idi, "Patroni, hii wameiosha kupita kiasi. Filamu ya kutisha ikiwa safi hivi, haitishi tena." Maneno ya kitaalamu, sivyo?

Akakuna ndevu. "Basi Jumapili tuwaonyeshe hii, waamue wenyewe."

Jumapili mchana kibanda kikajaa, na Baba Hadija, ambaye hajawahi kukanyaga mle ndani, akafunika sufuria zake akaja kukaa benchi la mbele. Nilipomwona nikafanya jambo la kipumbavu: nikazungusha kitufe cha mwanga mpaka picha ikazama.

"Yewe, mbona kama tuko ndani ya gunia?" akasema mtu nyuma.

"Ongeza mwanga, sha!"

"Ndio usafi wa Ulaya huo," nikajibu kwenye kipaza sauti, nikaendelea kusimulia, jasho linanitoka, na tulipofika penye mauaji mdomo ukaenda wenyewe kama punda anayeijua njia: "Ndiye huyo! Mpishi ndiye..." Bwana Idi alikuwa ameshachoka na giza, akanyoosha mkono, akazungusha kitufe.

Uso wa mpishi ukajaa televisheni, umelowa machozi.

"Mana yanjye, Mungu wangu, analia!" akasema msichana mmoja.

Kibanda kikalipuka. "Msimulizi, huyo anakaba kwa machozi?" "Kifaransa ulisomea gizani wewe?" Hilo ningelivumilia, nami nilianza kucheka nao, ila Bwana Idi hakucheka.

"Wewe si uliiangalia Alhamisi?"

"Niliiangalia."

"Yote?"

"Yote, patroni."

Hapo kicheko kikakatika, na huo ukimya ndio aibu ninayowaambia.

Baba Hadija akasema taratibu, "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Akamtazama mpishi akivua aproni, akiitandika, akiivuta mpaka miguuni. "Amemfunika vizuri," akasema. Kisha akanigeukia. "Sasa sema. Na wa nje wasikie."

Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mpishi hakuua mtu. Sauti ilitoka nyembamba, na watoto wa nje walikuwa wameshakimbia kwenda kusimulia jinsi nilivyoumbuka.

Tangu siku ile kila asubuhi nikawa nakula maharage kwa Baba Hadija, nimeelekeza uso barabarani ili wapitao wanione natafuna na kumeza. Wateja wachache wakarudi. Siku moja kikaja kitoto cha wapangaji wapya, kina adabu zote, mikono miwili mbele: "Shikamoo, baba Mkabaji. Mama anaomba chapati mbili." Nikafungua mdomo kumrekebisha, mzee akatikisa kichwa.

"Mwache. Hajui kama lina maana."

Akamfungia chapati. Mimi nikainamia sahani yangu, nikaapa: kaseti ikiwa giza, nitawaambia watu ni giza, na nikishaona, sitangoja Jumapili.