Konzi ya Kwanza ni ya Mgeni

Nakumbuka, mwanangu, Diwali yangu ya kwanza katika nyumba ya wakwe zangu pale Kanazi, siku ambayo ukoo mzima ulitafuna mawe kwa sababu yangu. Mume wangu aliisimulia mara nyingi kama kichekesho, nami nikacheka pamoja na wengine. Sehemu isiyochekesha hakuijua. Nimeiweka kifuani zaidi ya miaka arobaini, na leo nakupa wewe, mke wa mwanangu wa mwisho, kwa sababu juzi uliniuliza picha ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa utajiri, itundikwe ukuta gani ili neema iingie katika nyumba yenu mpya. Nikakujibu, "Popote," ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimemkumbuka mama mkwe wangu, na nikimkumbuka sauti yangu hukauka.

Tulimwita Ba, yaani mama, kama Wagujarati wanavyoita. Mimi nililetwa kwake kutoka Mwanza nikiwa na miaka kumi na minane, sari kumi na mbili na ulimi mkali. Mama yangu alinifunza kupika, kushona na kutopoteza kitu. Hilo la mwisho nililishika kupita kiasi. Ilikuwa miaka ya uhaba, baada ya vita. Sabuni ilikatwa vipande, sukari tuliionja kwa ncha ya kijiko, na mchele mzuri ukipatikana ulifichwa chini ya kitanda.

Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kuosha mchele wa nyumbani, Ba alichota konzi moja, mkono uliojaa, akaitia katika kopo la majani ya chai lililokaa kando ya jiko.

"Konzi ya kwanza ni ya mgeni," alisema. "Sisi tunakula inayofuata."

"Mgeni gani, Ba?"

"Atakayekuja."

Aliyekuja, kila Ijumaa, alikuwa Ma Koleta. Alikuwa mjane, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, umri wake na wa Ba ukilingana, akiishi peke yake katikati ya migomba, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu. Aliingia kwa mlango wa mbele. Aliburuta kigoda hadi karibu na jiko, akaketi, akafungua kipande cha jani la mgomba chenye kahawa ya kutafuna, zile punje kavu ambazo Mhaya humpa mgeni kabla ya neno lolote. Alikuwa yeye aliyekuja, na bado ni yeye aliyetukaribisha. Walitafuna, wakaongea Kihaya saa nzima, wakacheka mpaka Ba akafuta macho kwa ncha ya sari. Msimu wa senene aliwakaanga panzi hao na kuwala kwake. Kwetu hakuwaleta hata siku moja, maana alijua nyumba yetu haili chenye uhai. Alipoaga, Ba alimmiminia mchele wa kopo katika mfuko wa kitambaa, naye akasema, "Wakola, waitu," kwa shukrani ya heshima.

Mimi nilichoona ni ombaomba aliyezoea. Nisamehe, lakini nikikudanganya nasaha hii haitakufaa. Nilikuwa sijui Kihaya, sijui urafiki wao ulianzia wapi, na sikujisumbua kuuliza. Niliuona mkono unaopokea mchele tu. Ule ulioleta kahawa sikuuona.

Macho ya Ba yalikuwa yameanza ukungu, akaniachia kazi ya kopo. Basi nikaanza akili zangu. Nilipepeta mchele kwenye ungo, punje nzima zikaenda chunguni kwetu, na chenga, mawe na punje zilizotobolewa na fukusi zikaenda koponi. Juu nikatandaza punje nzuri chache zifunike aibu. Akiba haiozi, nilijiambia. Mtu akitaka kujidanganya, mwanangu, hakosi methali ya kumsaidia.

Ma Koleta alichukua mchele ule Ijumaa tatu. Mara zote alisema "Wakola, waitu" kwa sauti ileile. Ijumaa ya nne hakuja.

"Labda mvua," alisema Ba, akatoka barazani kutazama barabara. Ijumaa iliyofuata alitoka mara nne. Mimi niliendelea kukata bamia.

Sasa lazima ujue jambo moja ambalo mimi nililijua baadaye. Katika nyumba ile taa ya kwanza ya Diwali haikuwashwa mpaka Ma Koleta avuke kizingiti. Ba alipoletwa Kanazi akiwa bibi harusi, hana lugha, analia nyuma ya pazia kwa upweke, mtu wa kwanza kugonga mlango wake alikuwa msichana wa Kihaya mwenye mkungu wa ndizi kichwani na kahawa kiganjani. Wengine walingoja waone hawa wageni ni watu wa namna gani. Koleta hakungoja. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni methali ya pwani, lakini Ba aliigeuza kwa namna yake. "Mimi nilikuwa mgeni na mimi ndiye niliyepona," alisema. "Lakshmi hakuja kwangu na taji la dhahabu. Alikuja na ndizi."

Diwali ikafika. Asubuhi nilichora nyayo za Lakshmi mlangoni kwa unga wa mchele, vidole vikielekea ndani, nadhifu kabisa, nikajisifu moyoni. Nyayo za unga mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuzichora.

Karibu na saa sita Ba alichukua lile kopo. "Koleta hakuja kuuchukua, basi tuupike sisi, tule kwa niaba yake," alisema, akaumimina kwenye ungo. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Mawe yalilia juu ya ungo. Mkono wangu ukasimama katikati ya kusaga bizari. Ba aliinama, akaugusa mchele kwa vidole, taratibu. Hakunitazama. Aliuosha mara moja bila kuuchambua, akauinjika.

Tuliketi watu tisa. Baba mkwe alikuwa wa kwanza kuuma jiwe. Mume wangu akatoa lake mdomoni, akaliinua juu na kusema, "Jamani, leo tumepikiwa barabara ya Muleba!" Watu wakacheka hadi machozi. Ba alisema, "Kuleni," basi. Alikula sahani yake mpaka punje ya mwisho. Hakunitaja, mwanangu. Hilo lilinichoma kuliko kofi.

Tulipobaki wawili jikoni aliuliza, "Umempa mara ngapi?"

"Ijumaa tatu, Ba."

"Kamlete. Sitawasha taa."

Nilikimbilia gunia la mchele mzuri, nikachota konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanishika kifundo cha mkono. "Rudisha. Wewe hukumkosea kwa kutokuwa na mchele. Nenda na mdomo wako."

Nilipanda kile kilima kwa sari ya hariri, kwenye mvua, nikiwauliza njia kwa mikono wazee wasiojua Kiswahili. Ma Koleta alinikuta nimesimama uani kwake nimelowa.

"Mawe!" alishangaa kwa Kihaya, yaani mama wee, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Bibi harusi wa Ba! Ingia, mwana wange, mwanangu, ingia."

Sakafuni alikuwa ametandaza nyasi mbichi, zinanukia. Alinipa kahawa ya kutafuna. Nikafungua mdomo niseme lililonileta, akanikatiza kwa kuniwekea ndizi na maharage. "Kwanza kula. Mtu mwenye njaa husema vibaya." Nikala. Kando ya mlango niliona mkungu mkubwa wa ndizi, umekatwa siku hiyohiyo, na juu yake ngata ya majani makavu tayari kwa kubebwa.

Yeye ndiye aliyeanza. "Nilikuwa nangoja mvua ikatike nije. Mwambie Ba asinifikirie vibaya kwa kupotea hizi Ijumaa mbili. Nilipouona ule mchele nikasema, kumbe rafiki zangu wamefilisika na wanaona haya kusema. Wananipa kilichobaki chini ya gunia. Nikajiambia, Koleta, usiende tena kuwapunguzia. Nikangoja mkungu huu ukomae, nao wapate kitu siku ya sikukuu yao."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Sikujiandaa kuhurumiwa. Mimi niliyeketi juu ya gunia zima nilikuwa nimeitangaza nyumba yangu kuwa nyumba ya njaa, na mjane asiye na kitu ila migomba yake alikuwa amejinyima ili atulishe.

"Mama," nilisema, "hatujafilisika. Mchele mzuri ulikuwepo. Ni mimi niliyekuchagulia mbaya."

Nilisikia mvua juu ya paa. Alinitazama kwa muda mrefu, na mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu.

"Basi njaa ilikuwepo kweli," alisema mwishowe. "Ila ilikuwa ya mtu mmoja. Inuka, mwana wange, ubebe mkungu."

Sikuwahi kubeba hata ndoo kichwani. Aliniwekea ngata, akanitwika, akatangulia mbele akiniongoza kama anavyoongozwa ndama. Nilianguka mara moja. Utomvu ulichuruzika begani, na wewe unajua utomvu wa ndizi hautoki. Ile sari ya zambarau uliyoniuliza kwa nini siitupi na ina doa la kahawia, ndiyo hiyo.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Ba alisimama mlangoni na taa mkononi, haijawashwa. Ma Koleta aliziona nyayo za unga, akatazama miguu yake yenye tope jekundu, akataka kupita pembeni.

"Pita hapohapo," Ba alimwambia. "Zilichorwa kwa ajili yako."

Akapita. Tope likakanyaga unga, ndani mpaka jikoni. Ba akawasha taa. Mimi nilikuwa nimesimama nje bado na mkungu kichwani, nalia, na hakuna aliyenishangaa kwa kuwa nilikuwa nimelowa tayari.

Miaka ilikwenda. Binti wa Ma Koleta alimchukua akaishi naye Kimwani, na Ba akawa anapanda basi kwenda kumwona, mfuko wa mchele mapajani, hataki uwekwe juu na mizigo mingine. Ma Koleta alizikwa hukohuko Kimwani. Baada ya hapo Ba aliendelea kutia konzi kila asubuhi, lakini Ijumaa hakutoka tena barazani. Kisha naye akaondoka duniani. Nyumba ya Kanazi sasa ni ya watu wengine.

Nawatamani wale wanawake wawili, mwanangu. Nikisema natamani, si maneno ya uzee. Kuna Ijumaa nakaa jikoni nikingoja sauti ya kigoda kikiburutwa sakafuni, najua haitakuja, na bado nangoja. Kihaya nilikijua baadaye, nikaweza kucheka pamoja nao, na leo sina wa kucheka naye kwa lugha hiyo. Hapa Bukoba mjini tunaishi vizuri. Dirishani naliona ziwa, geti ni la chuma, kengele ni ya umeme. Kopo langu linajaa, nami ndiye ninayemtafuta mtu wa kumpa. Wanapokea getini, wanashukuru, wanaenda zao. Hakuna anayekaa.

Kwa hiyo picha itundike ukuta wowote, hata karibu na jokofu ukipenda. Fagia kizingiti, washa taa, chora nyayo, mimi mwenyewe nitakusaidia. Lakini usidhani Lakshmi haoni mchele uliouficha na ule ulioutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wazee wa pwani walisema hivyo, na Ma Koleta aliniwekea somo hilo kichwani kwa uzito wa mkungu. Unachompa mtu mlangoni ndicho unachosema kuhusu nyumba yako. Ukimpa makapi, majirani watajua una makapi, na nyumba itazoea kuwa hivyo. Usimwite mtu ombaomba kabla hujamtazama mkono wa pili. Ukikosa, usitume mchele ukuombee msamaha. Nenda na mdomo wako, hata kama unapanda kilima. Na lile geti, Ijumaa liache wazi, mume wako akinung'unika mwambie ni amri ya mama yake.

Mwenyezi akupe mkono usiosita juu ya gunia. Akupe mgeni atakayekaa, atakayekucheka ukikosea na kukutwika mzigo wako. Jiko lako lisikose moto, wala kigoda chako kisikose mtu. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, usibaki na wa kumkumbuka tu, ubaki na wa kumngoja, naye aje.

Kopo nimelileta, liko mezani pako. Mchele uliomo nimeuchambua mwenyewe asubuhi yote, punje kwa punje, kwa miwani hii mbovu. Ukikuta jiwe, mwanangu, ujue limenipita. Litupe, unisamehe, uupike uliobaki. Ijumaa nitakuja. Nitapita mlango wa mbele.